Kuandika chapisho la LinkedIn linalosomwa: mwongozo kwa watu wa kazi wa Unguja na Pemba

Kijana mmoja wa Wete alinitumia maneno aliyotaka kuyaweka LinkedIn, akaniomba niyapitie kabla hajayarusha. Yalikuwa haya: "Mimi ni mtaalamu mwenye ari, weledi na ubunifu wa hali ya juu katika mnyororo wa thamani wa mazao ya kilimo. Natafuta fursa ya kukua na kuleta mabadiliko chanya katika jamii." Nikampigia simu. Nikamuuliza, wiki hii umefanya nini? Akasema hakuna cha maana, mvua tu imewatesa, wamekesha kwa sababu ya karafuu. Nikamwambia anihadithie hiyo mvua. Akazungumza dakika ishirini: wingu lilivyowajia alasiri, majamvi yalivyokuwa yametandazwa uwanja mzima, walivyoanua mbio mbio, na namna yeye na mama yake walivyozigeuza karafuu kwa mikono usiku kucha zisije zikavunda. Alipomaliza nikamwambia chapisho lake ndilo hilo, yale ya mwanzo ayafute.

Nimekuwa nikikaa na vijana na watu wazima wa visiwa vyetu kuwasaidia kuandika mambo ya kazi zao, na kila mara nakutana na jambo hili hili. Mtu ana mengi ya kusimulia, lakini anayaona ya kawaida kwa kuwa anayafanya kila siku. Basi anayaficha, anavaa maneno makubwa ambayo kila mtu ameyavaa. Mwongozo huu ni wa kukusaidia uyavue. Nimemwandikia mpokezi wa hoteli ya Nungwi, mtembeza wageni wa Mji Mkongwe, mwalimu wa skuli, mhasibu wa duka la Darajani, mhitimu wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) anayetafuta ajira, na yeyote anayefanya kazi yake kwa moyo na hajui aanzie wapi kuieleza. Mifano ya machapisho iliyomo humu nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya kufundishia.

Kwa ambaye bado hajaizoea, LinkedIn ni mtandao wa kijamii wa watu wa kazi. Ulifunguliwa mwaka 2003, na mwaka 2016 ulinunuliwa na kampuni ya Microsoft. Watu huingia humo kutafuta wafanyakazi, washirika, wauzaji, walimu. Kwa sisi tuliozungukwa na bahari una faida kubwa: wakala wa safari wa Ujerumani au mnunuzi wa mwani wa Ufaransa hawezi kupita Michenzani kuulizia habari zako, lakini anaweza kukusoma akiwa ofisini kwake.

Hatua ya kwanza: fagia uani kabla ya kuita wageni

Mtu akipenda ulichoandika, kitu cha pili anachofanya ni kubofya jina lako. Akikuta ukurasa mtupu, anaondoka. Kwa hiyo tengeneza wasifu wako kwanza, na usitumie zaidi ya jioni moja.

Chini ya jina kuna mstari wa kujitambulisha wenye nafasi ya herufi 220. Wengi huandika "Natafuta kazi" au "Mhitimu". Mstari huo hauelezi unajua nini. Andika kazi, mahali, na unachokiweza: "Mtembeza wageni, Mji Mkongwe na msitu wa Jozani. Kiswahili, Kiingereza na Kitaliano." Mtu wa Roma anayetafuta mwenyeji wa kuwatembeza wateja wake amekwishajua kila anachohitaji.

Picha ya uso ipigwe karibu na dirisha au mlangoni, mwanga ukuangukie usoni, nyuma pasiwe na vurugu. Najua baadhi ya dada zetu hawapendi kuweka sura zao mtandaoni, na hilo ni lao, asiwalazimishe mtu. Iache tupu sehemu ya picha ya uso, uweke picha ya kazi yako kwenye jalada la juu: cherehani, ubao wa darasa, sahani ya urojo uliyoipamba. Maneno yako yatabeba yaliyobaki.

Hatua ya pili: weka daftari la kazi

Hapa ndipo penye siri yote, na ndipo watu wanaporuka haraka. Chapisho zuri halizaliwi ukiwa umeshika simu saa tatu usiku unajiuliza niandike nini. Linatoka kwenye mambo uliyoyaona mchana ukiwa kazini, na mambo hayo husahaulika kabla hujafika nyumbani usipoyaandika.

Nunua daftari dogo, au tumia sehemu ya kuandikia kwenye simu. Kila jioni andika mstari mmoja tu ukijibu mojawapo ya maswali haya. Leo nani kaniuliza swali ambalo nimeshaulizwa mara nyingi? Nini kiliharibika, na tulikitengeneza vipi? Nimeona kitu gani ambacho asiyefanya kazi hii hawezi kukiona?

Nitakupa mifano ili uone namna mambo madogo yalivyo na uzito. Mpokezi wa hoteli: mgeni na dereva walipishana kwa sababu dereva alisema atakuja saa moja, akimaanisha asubuhi mapema, na mgeni akaelewa saa ya Kizungu, saa saba mchana. Mwalimu: darasa la wanafunzi sitini lililokuwa halielewi hesabu za sehemu lilielewa siku alipoingia na mkate wa kumimina na kisu. Mhasibu: duka linauza vizuri, fedha hazionekani, kumbe zimelala kwenye daftari la mikopo ya majirani. Mama wa mwani: aina ya mwani iitwayo cottonii inakufa maji yanapokuwa moto, na ile iitwayo spinosum inavumilia ingawa bei yake ni ndogo, sasa anajaribu kupanda kwenye maji ya kina zaidi. Mtembeza wageni wa Jozani: namna ya kumweleza mgeni asimsogelee kima punju ili apate picha, bila ya kumwaibisha mbele ya wenzake.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji cheo kikubwa, na kila moja lina mtu mahali fulani duniani anayepambana na jambo kama hilo. Kilimo cha mwani tumekifanya kwa biashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Fikiria elimu iliyomo vichwani mwao juu ya upepo, bamvua (siku za maji makubwa) na maji mafu (siku za maji madogo), na ni kiasi gani kimeandikwa na wao wenyewe. Hili linaniuma kwa kweli.

Baada ya wiki mbili utakuwa na mistari kumi na nne. Tatu au nne zitakuwa na uhai. Anza na hizo.

Hatua ya tatu: mchague unayezungumza naye, kisha lugha

Usiwaandikie "watu wote". Mfikirie mtu mmoja. Ukimwandikia meneja wa hoteli aliye Nairobi, utaeleza mambo fulani. Ukimwandikia mwenzako aliyemaliza naye chuo Tunguu, utaeleza mengine. Ukishamjua, lugha inajichagua yenyewe: unamwandikia kwa ile anayoitumia kufanya kazi.

Naona watu wakihangaika sana hapa. Mtu anaandika Kiingereza ambacho hakijamkaa, kila sentensi imeazimwa, kwa khofu kwamba akiandika Kiswahili ataonekana hajasoma. Ndugu yangu, lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochukuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu mwaka 2021 UNESCO imeitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Ukiwa na neno la kuwaambia wenzako wa Dar es Salaam, Mombasa, Kigali au Bujumbura kuhusu kazi mnayoifanya pamoja, waambie kwa lugha yako.

Mnunuzi wako akiwa Ulaya, andika Kiingereza, lakini chepesi, sentensi fupi, kile unachokizungumza na wageni kila siku. Sipendekezi kupachika lugha mbili katika chapisho moja, ya juu Kiswahili na ya chini tafsiri yake. Linakuwa refu, na kila msomaji analazimika kuvuka nusu isiyomhusu. Kama jambo linawafaa wote, andika mara mbili, siku tofauti, na kila moja uliandike upya kwa msomaji wake.

Hatua ya nne: mstari wa kwanza

LinkedIn inakuruhusu kuandika hadi herufi 3,000, lakini msomaji haonyeshwi zote. Anaona mistari michache tu ya mwanzo, halafu anatakiwa abofye ili asome zaidi. Ina maana mistari hiyo ndiyo inayofanya kazi ya kumwita.

Sisi tumelelewa kutanguliza salamu, na barzani ni lazima iwe hivyo. Mtu akifika anasalimu, anauliza hali, anauliza watoto, ndipo aseme lililomleta. Kwenye chapisho, "Assalaam alaikum ndugu zangu wapendwa, natumai mu wazima wa afya, leo ningependa kuchukua fursa hii" inamaliza nafasi yote kabla msomaji hajajua kuna nini. Salamu zihifadhi kwa ajili ya komenti, pale unapomjibu mtu mmoja mmoja. Huko zina utamu wake na watu watazipokea kwa furaha. Mwanzo wa chapisho uache kwa jambo lenyewe.

Chukua yule mpokezi wa hoteli. Anaweza kuanza: "Mawasiliano mazuri ni nguzo muhimu katika sekta ya utalii." Nani atabofya? Au anaweza kuanza: "Dereva alisema saa moja. Mgeni alisubiri hadi saa saba mchana, na ndege ilikuwa imeshaondoka." Sasa tumesimama naye pale mapokezi, tunataka kujua ilikuwaje.

Kanuni ninayoitumia ni rahisi. Andika chapisho zima bila kujali mwanzo, kisha litafute tukio lenyewe liko wapi. Mara nyingi utalikuta aya ya pili au ya tatu. Lipandishe juu, na yaliyokuwa juu yake ukate.

Hatua ya tano: simulia, ukitaja vitu kwa majina yake

Hili hapa chapisho la yule kijana wa Wete, nimelitunga upya kwa mfano wa alilonisimulia:

"Saa kumi alasiri wingu lilisimama juu yetu, na uwanjani palikuwa na majamvi kumi na mawili ya karafuu za siku ya pili.

Siku ya pili ndiyo ngumu. Karafuu si mbichi tena, na kavu bado. Ikirowa hapo na kurundikwa hupata joto, hupauka, na kituoni tunakoziuza hushuka daraja.

Tulianua watu wanne kwa robo saa. Hatukuzitia maguniani. Tulizitandaza sakafuni, sebuleni na vyumbani, unene wa kidole kimoja, madirisha wazi, tukawa tunazigeuza kila baada ya saa moja hadi alfajiri.

Jua lilirudi baada ya siku mbili. Kilichopauka ni pakacha moja tu, lile tulilolisahau nyuma ya mlango.

Sasa napima unene kwa kidole kabla ya kulala, hata kama mbingu ni safi. Wenzangu mnaokausha kahawa, iliki au pilipili manga: mvua ikikukuteni katikati, mnafanyaje?"

Litazame lilivyojengwa. Hakuna mahali aliposema yeye ni hodari, mchapakazi au mwenye ari. Huhitaji kuambiwa, mtu aliyegeuza karafuu hadi alfajiri umeshamwona. Hesabu zake ni ndogo na za kweli: majamvi kumi na mawili, watu wanne, robo saa, unene wa kidole. Msomaji asiyejua karafuu anaweza kuiona hiyo sakafu. Na msomaji anayeijua anamwamini, kwa sababu "siku ya pili" ni neno la mtu aliyewahi kuanika.

Pakacha lililosahauliwa ndilo ninalolipenda zaidi. Vijana wengi wangelificha. Lakini habari isiyo na dosari hata moja haiaminiki, na mwajiri makini anatafuta mtu anayeweza kusema hapa tulikosea na sababu yake ni hii. Weka kosa lako, dogo, halisi, pamoja na ulichobadilisha baada yake. Kosa la mwenzako usiliweke kamwe.

Swali la mwisho nalo limechaguliwa. Hakuuliza "Mnaonaje?" ambalo halina pa kushika. Amewauliza watu wa kazi nyingine jambo wanalolijua kwa mikono yao. Swali la namna hiyo ni rahisi kulijibu, na atakayejibu anafurahi kwamba ujuzi wake umehitajika.

Kama unaona kusimulia kunakupa tabu, zungumza. Washa kinasa sauti cha simu, jifanye unamhadithia mama yako au jirani yako kilichotokea, kisha keti uandike ulichosema. Asilimia kubwa ya watu ninaowasaidia huzungumza vizuri kuliko wanavyoandika, na dawa yao ni hiyo.

Na yule mpokezi? Chapisho lake lilimalizika kwa suluhisho: tangu siku ile kila karatasi ya safari inaandikwa saa mara mbili, ya Kiswahili na ya Kizungu, na dereva anamwonyesha mgeni kwa kidole kwenye uso wa saa. Wakala wa nje anayeleta wageni Zanzibar akilisoma hilo, anajua kuna mtu mapokezini anayefikiri.

Hatua ya sita: kata, kisha soma kwa sauti

Futa "weledi", "ari", "ubunifu wa hali ya juu", "mabadiliko chanya", "nina furaha kubwa kuwatangazia". Si maneno mabaya, ila yamechoka, na jicho linayapita kama linavyopita bango la zamani. Ukifuta na sentensi ikabaki haina kitu, basi haikuwa na kitu tangu mwanzo.

Aya ziwe fupi, mistari miwili mitatu, kwa sababu watu wanasoma kwenye simu ndani ya daladala. Soma kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, hapo pana neno la kuondoa. Mpe mtu wa nyumbani asome, asiyejua kazi yako, akikuuliza "hii ni nini?", fafanua.

Alama za reli (hashtag, #) mbili au tatu zinatosha, za mambo yanayohusiana kweli. Emoji chache. Na tafadhali usitumie zile herufi za kunenepa au za mapambo zinazotengenezwa kwenye tovuti fulani na kubandikwa. Wasioona hutumia programu zinazowasomea maandishi kwa sauti, na herufi zile huzichanganya programu hizo, nyingine huzitamka herufi moja moja, nyingine huziruka. Utakuwa umemfungia mlango mtu aliyekuja kukusikiliza. Kwa sababu hiyo hiyo, ukiweka picha, jaza ile sehemu ya maelezo ya picha. Sentensi moja inatosha.

Hatua ya saba: picha, na idhini ya mwenye sura

Hapa nina la kukiri. Miaka ya nyuma nilikuwa Jambiani asubuhi, maji yamekupwa, akina mama wameinama kwenye mashamba ya mwani, khanga zimelowa hadi magotini. Nilipiga picha kwa mbali, nikaiweka mtandaoni na maneno mazuri ya kuwasifu. Watu waliipenda sana. Baada ya siku kadhaa nikapata ujumbe kwamba mmoja wa wale akina mama anataka kuzungumza nami. Mpwa wake aliye masomoni nje ndiye aliyemwonyesha. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, ungeniita nikageuka, ningejistiri." Niliifuta siku ile ile, na bamvua lililofuata nikaenda kumwomba radhi. Alinisamehe, akanikaribisha chai. Mimi sijaisahau sauti yake.

Tangu hapo nafanya hivi, na nakuomba ufanye vivyo. Kwanza salimia, jitambulishe, useme kwa nini unataka picha. Pili, eleza kwa lugha nyepesi itakwenda wapi: itaonekana na watu wa nchi nyingi, na hata nikiifuta kesho, huenda mtu ameshaihifadhi. Tatu, mwonyeshe picha kabla ya kuirusha, na akisema hapana, ifute mbele yake. Mtu akikubali kwa kukuonea haya tu, utamjua. Usiichukue idhini ya namna hiyo. Sura za wanafunzi usiziweke bila ya wazazi na uongozi wa skuli kukubali, na wagonjwa usiwapige kabisa.

Picha nyingi nzuri za kazi hazihitaji sura. Mikono inayofunga mwani kwenye kamba, majamvi ya karafuu yakiwa na wekundu wa siku ya kwanza, ubao uliojaa hesabu, kona ya mlango wa nakshi unaokarabatiwa. Piga asubuhi au alasiri, jua la adhuhuri huku kwetu huua kila rangi. Hakikisha pia kwamba picha ndiyo unayoitaka, kwa sababu maneno ya chapisho unaweza kuyahariri baadaye, ila picha hutaweza kuibadilisha bila ya kufuta lote.

Na siri za kazi zibaki kazini. Jina la mgeni, bei uliyokubaliana na mteja, ugomvi wa ofisini, matokeo ya mwanafunzi: hayo si yako kuyatoa. Kama tukio halisimuliki bila ya kumtambulisha mtu, chagua tukio jingine.

Hatua ya nane: wakati wa kurusha

Sina saa ya miujiza ya kukupa. Fikiria tu msomaji wako yuko wapi. London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi yao na saa mbili wakati wa kiangazi. Berlin ni saa mbili, kisha saa moja. Ukiwaandikia watu wa huko, chapisho la saa sita mchana wetu linawakuta asubuhi wakiwa kazini. Ukiwaandikia wa hapa nyumbani, jioni baada ya isha watu wameshika simu zao, na Ijumaa mchana hawapo. Mwezi wa Ramadhani kila kitu husogea usiku.

Andika kwanza kwenye sehemu ya kuandikia ya simu, bila ya mtandao, ili bando likiisha au umeme ukikatika usipoteze maneno. LinkedIn pia ina nafasi ya kupanga chapisho litoke baadaye, hadi miezi mitatu mbele. Inamfaa sana mtu wa hoteli wakati wa msimu: siku ya mapumziko anaandika mawili matatu, yanatoka yenyewe.

Chapisho moja kwa wiki linatosha. Ukiweza moja kwa wiki mbili, fanya hilo, usiache.

Hatua ya tisa: usiondoke barzani

Mtu hawezi kufika barzani, akatoa hadithi yake, akainuka akaenda zake kabla wenzake hawajasema neno. Ukishaposti, kaa karibu saa moja ya mwanzo. Jibu kila komenti kwa maneno, usitoe laiki tu. Aliyekuuliza, mjibu kwa kina. Aliyekupongeza, mshukuru kwa jina na umuulize yeye anafanya nini. Aliyekupinga kwa hoja, mshukuru na umjibu hoja. Mara nyingine atakuwa na haki, na ukisema "hapo umenifundisha" watu watakuheshimu zaidi. Anayetukana usimjibu.

Nenda pia kwenye machapisho ya wengine. Wiki ambayo huna la kuandika, andika komenti tano zenye maana kwa watu wa kazi yako. "Hongera" peke yake haitoshi. Sema umejifunza nini pale, au kwenu mnafanyaje. Nimeona wahitimu waliopata wito wa mahojiano kwa sababu ya komenti nzuri kabla hawajaandika chapisho hata moja.

Mtu mpya akikubali kuunganishwa nawe, usimrushie wasifu wako wa kazi papo hapo. Msalimie, mtajie ulichokisoma kwake, umwache apumue.

Neno la tahadhari: ukianza kusomwa, matapeli nao watakuona. Anayekuahidi kazi ya ng'ambo kisha akakuomba fedha za viza, za vipimo au za "usajili", usimpe kitu wala usimtumie picha ya kitambulisho chako. Itafute kampuni hiyo kwa njia nyingine, wapigie kwenye namba uliyoipata mwenyewe.

Hatua ya kumi: pima kwa barua, usipime kwa laiki

Machapisho matatu ya mwanzo huenda yakasomwa na jamaa zako tu. Yachukulie ni mazoezi. Ukifika kumi, keti uyapitie yote, ujiulize: ni lipi lililoleta ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemjua? Lilihusu nini? Andika zaidi kuhusu hilo. Chapisho lenye laiki mia mbili za kukupongeza siku yako ya kuzaliwa halijakusogeza popote kikazi. Lenye laiki kumi na tisa na swali moja la mtu wa kazi limekusogeza.

Nimetaja kumi na tisa kwa sababu ndizo alizozipata yule kijana wa Wete. Alinipigia usiku, sauti imemshuka, akidhani ameshindwa. Nikamuuliza kama kuna aliyemwandikia. Akasema yupo mmoja, anakausha kahawa Kagera, anataka kujua kwa nini unene wa kidole kimoja na si viwili. "Umemjibu?" Akasema bado, hajui aanze vipi, maana jibu lake ni refu. Nikamwambia akate simu akamjibu.